Kifaransa, Mwaka wa Pili: Somo la Kufungua

Mwenye kitabu hiki cha masomo ya redio afuate maneno yangu kwa macho huku akisikiliza kwa masikio. Aliyekosa kusikia leo atasoma baadaye, wala hatakuwa amepoteza kitu.

Leo tunafungua mwaka wa pili wa Kifaransa. Wafaransa wana neno lao moja kwa siku kama hii. Wanaiita la rentrée. Lisome hivi: la rantre, na ile "an" ya katikati uitoe puani. Maana yake ni kurudi ndani. Huko Ufaransa watoto hupata likizo ndefu mwezi wa Julai na Agosti, na mwanzoni mwa Septemba hurudi shuleni. Kwetu Tanzania shule hufunguliwa Januari, lakini kwa jirani zetu wa Kongo ni Septemba, kama Ufaransa. Darasa letu sisi halina Januari wala Septemba. Linafunguliwa leo. Lishike neno hilo la rentrée, maana tutalirudia kabla ya somo kwisha.

Sasa nikuulize. Ulipolifungua daftari lako la mwaka jana, uliona nini? Mimi najua. Uliona mwandiko wako mwenyewe, na chini yake alama za mwalimu, tena alama nzuri. Lakini ukisoma maneno, ni kama barua ya mtu mwingine. Ukajaribu kusema "jina langu ni fulani" kwa Kifaransa, likatoka. Ukajaribu kusema "nataka kununua kilo mbili za mchele", ukakwama katikati. Ukasema moyoni: kumbe mwaka mzima nilikuwa nikitwanga maji kinuni.

Hapa ndipo watu wazima wengi wanapoliacha darasa. Mtoto akisahau hucheka. Mtu mzima akisahau huona haya. Ana watoto, ana wajukuu, watu humwamkia Shikamoo njiani, na sasa aambiwe asimame mbele ya wenzake aseme neno asilolikumbuka! Basi siku ya kwanza hukaa nyuma, siku ya pili husema ana mgeni, siku ya tatu haji. Kwa hiyo kabla ya Kifaransa chenyewe, yafaa tuzungumze kidogo habari za kusahau.

Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, jina lake Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu kuhusu kukumbuka na kusahau. Hakupima watu wengine, alijipima mwenyewe. Alitengeneza orodha za silabi zisizo na maana yo yote, akazikariri mpaka akaweza kuzisema zote bila kukosa. Kisha akangoja. Mara alingoja saa moja, mara siku moja, mara mwezi mzima. Halafu akajifunza tena orodha ile ile, akatazama safari hii inamchukua muda gani.

Aliona mambo mawili. La kwanza, kusahau huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Lakini baada ya mwezi mzima bado ilibaki kama sehemu moja katika tano. Yaani hasara ya saa ile moja ilikuwa kubwa kuliko hasara ya mwezi wote uliofuata.

Jambo la pili ndilo la kwetu leo. Hata alipodhani kwamba amesahau kabisa, kujifunza mara ya pili kulichukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kitu fulani kilikuwa kimebaki kichwani, ingawa yeye mwenyewe hakukiona. Ni kama shamba lililoachwa msimu mmoja. Majani yameota, ndiyo, lakini visiki vilikwisha kung'olewa. Atakayelima tena hatafanya kazi ya yule aliyefyeka msitu.

Basi usianze na daftari jipya. Najua daftari jipya ni tamu kulishika. Hata hivyo chukua lile la zamani, usome kurasa mbili kila siku kwa sauti, dakika kumi tu, kwa muda wa wiki mbili. Dakika kumi kila siku ni bora kuliko saa nzima siku ya Jumapili. Tena usikariri neno moja moja kama silabi za yule Mjerumani. Yeye mwenyewe alijaribu kukariri beti za shairi, akaona juhudi iliyotakiwa ni kama sehemu moja tu katika kumi ya ile ya silabi zisizo na maana. Neno lililo ndani ya sentensi lina mahali pa kushikia. Mimi binafsi sipendi zile orodha ndefu za maneno ambazo baadhi ya walimu huziandika ubaoni kutoka juu mpaka chini. Zinajaza ubao, hazimjazi mwanafunzi.

(Kituo. Mwongozaji wa darasa awaulize wanafunzi: Nani amekuja na daftari la zamani?)

Haya, tuendelee. Kuna mambo ya mwaka jana ambayo lazima tuyapitie, mengine kwa haraka.

La kwanza ni kusoma. Wewe ulijifunza kusoma kwa Kiswahili, ba be bi bo bu, na kila herufi uliyoiona uliitamka. Kifaransa hakitendi hivyo. Neno eau, maana yake maji, lina herufi tatu na sauti moja tu: o. Neno beaucoup, maana yake nyingi, husomwa boku. Il parle, yeye anasema, na ils parlent, wao wanasema, husikika sawasawa: il parl. Mwanafunzi mmoja mmoja hukasirika na kuuliza, kwa nini waandike herufi wasiyoisema? Sababu ni hii: herufi hizo nyingi zilitamkwa zamani. Sauti zikabadilika, maandishi yakabaki. Mwaka 1635 lilianzishwa huko Paris baraza la kuangalia lugha, liitwalo Académie française. Kamusi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1694, nayo ilichagua kuhifadhi maandishi ya kizamani. Kiswahili chetu cha herufi za Kirumi kilipangiwa maandishi ya namna moja katika miaka ya 1930 tu, kwa hiyo sauti na herufi zetu bado ni ndugu wa karibu. Usikasirike, basi. Soma kwa masikio kwanza, macho yafuate.

La pili ni le na la. Le camion ni lori. La route ni barabara. Wafaransa huyagawa majina yao yote katika mafungu mawili, la kiume na la kike. Kwa nini lori liwe la kiume na barabara iwe ya kike? Hakuna sababu. Lakini sisi hatuna haki ya kucheka. Mgeni akikuuliza kwa nini tunasema kiti kikubwa, mti mkubwa, jiwe kubwa, utamjibu nini? Utasema tu kwamba ndivyo tulivyosikia kwa mama zetu. Wao wana mafungu mawili. Sisi tuna ngeli nyingi kuliko hizo, na tangu utotoni tunajua kwamba jina huvuta maneno mengine nyuma yake kama mama mwenye watoto. Kwa hiyo un grand marché, soko kubwa, na une grande maison, nyumba kubwa, kusikushtue. Lijue jina pamoja na le yake au la yake, kama vile unavyokijua kiti pamoja na viti. Yatosha.

Na hesabu. Mwaka jana mlijifunza kwamba sabini ni soixante-dix, yaani sitini na kumi. Themanini ni quatre-vingts, yaani ishirini nne. Na tisini ni quatre-vingt-dix, yaani ishirini nne na kumi. Hayo ndiyo ya Ufaransa. Lakini ukifika Lubumbashi au Bujumbura utasikia septante kwa sabini na nonante kwa tisini. Usidhani wamekosea. Ni Kifaransa cha Ubelgiji, iliyotawala Kongo mpaka mwaka 1960, na Rwanda na Burundi mpaka mwaka 1962. Kwa maoni yangu ni hesabu iliyo rahisi zaidi, lakini yakupasa kuzijua zote mbili, hasa wewe mfanya biashara. Atakayedhani kwamba nonante ni tisa atalia jioni.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe la mwaka wa pili.

Mwaka wa kwanza ulijifunza kusema leo. Ninakula, ninakwenda, nina watoto watatu, ninakaa Kigoma. Hayo yanatosha kwa kusalimiana na kununua nyanya. Lakini maisha ya mtu hayako katika leo peke yake. Ukifika kwa daktari, hakuulizi leo tu. Huuliza tangu lini, ilianzaje, jana ulikula nini. Ukifika mbele ya askari ni hivyo hivyo. Mwaka wa pili ni mwaka wa kusema jana.

Tuseme yupo dereva wa lori. Amepakia mzigo katika bandari ya Dar es Salaam, amepita Tunduma, ameivuka Zambia, ameingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, na sasa anaelekea Lubumbashi. Tangu mwaka 2022 Kongo ni nchi mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama Rwanda na Burundi zilivyoingia mwaka 2007, na malori ya namna hiyo ni mengi. Njiani dereva wetu hana shida ya lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa huko Kongo, na Lubumbashi yote inakizungumza. Atakula, atalala, ataulizia njia, bila neno moja la Kifaransa.

Lakini usiku, mvua ikinyesha, amesimama kando ya barabara, lori jingine linakuja nyuma na kumgonga. Askari wanafika. Watasikilizana naye kwa Kiswahili, sina shaka. Ila karatasi ya maelezo, ile waiitayo procès-verbal, soma prose verbal, itaandikwa kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya serikali. Naye ataambiwa atie sahihi yake chini. Je, atasaini kitu asichoweza kukisoma?

Tazama sentensi hizi mbili. Ziandike ubaoni.

Quand l'autre camion est arrivé, j'étais arrêté.

Quand l'autre camion est arrivé, je me suis arrêté.

(Kituo. Wanafunzi wazisome pamoja, mara mbili, polepole.)

Kwa jicho la haraka ni kama pacha. Lakini ya kwanza inasema: lile lori jingine lilipofika, mimi nilikuwa nimesimama. Ya pili inasema: lile lori jingine lilipofika, ndipo niliposimama. Katika ya kwanza dereva wetu alikuwa ametulia kando ya njia, na aliyekuja nyuma ndiye mwenye kosa. Katika ya pili amefunga breki ghafla mbele ya mwenzake. Gari limeharibika, mzigo una mwenyewe, na fedha za kulipa hasara zimesimama juu ya maneno mawili matatu ya Kifaransa. Hapo ndipo unapoona kwamba mwaka wa pili si mapambo.

Na hapa nina habari njema. Tofauti hiyo hukuja kujifunza kwangu. Unayo tayari. Hakuna Mswahili asiyejua kwamba "nilisimama" si "nilikuwa nimesimama". Kifaransa kinaivalisha nguo nyingine tu.

Nguo ya kwanza inaitwa passé composé. Ni ya tendo lililotokea na kwisha. Hushonwa kwa vipande viwili: kitenzi kidogo mbele, na kitenzi chenyewe nyuma. J'ai acheté, soma zhe ashte: nilinunua, au nimenunua. Il a mangé: alikula, au amekula. Katika hadithi hata ile -ka- yetu huvaa nguo hii hii. "Lori likaja, likanigonga" ni le camion est arrivé et il m'a heurté. Heurté husomwa karibu na erte. Ile h haisemwi. Basi li, me na ka, zote tatu, mara nyingi huingia katika mlango huu mmoja.

Ukitaka kukana, ne na pas hukizunguka kile kitenzi kidogo cha mbele. Il n'a pas mangé: hakula. Mama aliyempeleka mtoto kwa daktari na ailinde sana sentensi hiyo.

Nguo ya pili inaitwa imparfait. Ni ya jambo lililokuwa likiendelea, au hali iliyokuwapo, au desturi ya siku nyingi. Il pleuvait: mvua ilikuwa ikinyesha. Je roulais lentement: nilikuwa nikiendesha polepole. Quand j'étais petit, j'allais à la rivière tous les jours: nilipokuwa mdogo, nilikuwa nikienda mtoni kila siku. Kuishona si kazi. Chukua neno la "sisi" la wakati wa sasa, nous roulons, ukate ile -ons, ibaki roul-. Kisha utie miisho: je roulais, tu roulais, il roulait, nous roulions, vous rouliez, ils roulaient. Kati ya hayo sita, manne husikika sawasawa: rule. Na katika vitenzi vyote vya Kifaransa kimoja tu hakifuati njia hii, nacho ni être, kuwa, ambacho hutumia ét-: j'étais, il était. Kwa lugha inayopenda vighairi kama Kifaransa, hiyo ni zawadi.

Utajuaje uchague ipi? Jiulize kwa Kiswahili: naweza kutia "kuwa" hapa bila kuharibu maana? "Mvua ilinyesha nilipofika sokoni." Je, ilianza ulipofika, au ilikuwa ikinyesha tayari? Ukiweza kusema "ilikuwa ikinyesha", ni imparfait. Kama ni tendo lililotokea mara, kama mlango uliofungwa, ni passé composé. Ila angalia, li yetu wakati mwingine huficha hali. "Nilijua" si tendo la mara moja. Ni hali uliyokuwa nayo. Kwa hiyo je savais. "Nilikuwa mgonjwa" hali kadhalika: j'étais malade. Mtoto aliyetapika mara moja, il a vomi. Mtoto aliyekuwa akitapika usiku kucha, il vomissait. Daktari atakupa dawa kwa kufuata neno utakalosema.

Jambo moja limebaki, nalo ni lile neno nililokuambia ulishike. Passé composé ya vitenzi vingi hutumia avoir, kuwa na: j'ai mangé. Lakini vipo vichache, kama kumi na vitano hivi, vinavyotumia être: aller kwenda, venir kuja, entrer kuingia, sortir kutoka, monter kupanda, descendre kushuka, arriver kufika, partir kuondoka, tomber kuanguka, naître kuzaliwa, mourir kufa. Unaona jinsi vinavyofanana? Aghalabu ni vya kutoka mahali hapa kwenda pale, hata kuja duniani na kuiaga. Kubaki nako kumo, rester, ingawa anayebaki hakwenda po pote. Na kumo kurudi ndani: rentrer. Ndiyo mama wa lile neno la rentrée. Na vile vya kujitendea nafsi yako, kama je me suis arrêté ya dereva, navyo hutumia être.

Mwanamume husema je suis rentré, nimerudi. Mwanamke husema je suis rentrée. Masikio hayasikii tofauti, lakini kalamu ya mwanamke huongeza e moja mwishoni. Wengi husahau, hata Wafaransa wenyewe.

Kabla hatujaachana, neno la pembeni juu ya dereva wetu. Huyo aliyeishia mwaka wa kwanza, akitaka kusema "nimesimama", pengine atasema je suis arrêté. Ajihadhari. Kitenzi arrêter ni kusimamisha, tena ni kukamata. Askari anaweza kusikia "nimekamatwa", akashangaa kwamba amemkamata mtu kabla hajafungua pingu.

Kazi ya nyumbani. Andika kwa Kiswahili sentensi sita za mambo uliyoyafanya jana, mambo ya kweli, wala usibuni. Chini ya kila kitenzi piga mstari mmoja kama ni tendo lililokwisha, mistari miwili kama ni hali au jambo lililokuwa likiendelea. Usitafsiri mpaka umekwisha kupiga mistari. Kisha ziandike kwa Kifaransa. Pamoja na hizo, geuza hizi tatu kuwa Kifaransa:

Mvua ilikuwa ikinyesha tulipofika mpakani.

Mama hakula jana, alikuwa mgonjwa.

Nimerudi darasani.

Katika somo lijalo tutazisahihisha pamoja. Mje na daftari la zamani, na kama kiti cha jirani yako kilikuwa kitupu leo, mpitie nyumbani kwake njiani. Au revoir, na usiku mwema.